Mashine Imempata Kaka Yetu

Mdogo wangu anaishi Ubelgiji. Huko baridi huwafungia watu ndani kwa miezi, na mtu aliyefungiwa ndani hakosi la kufanya. Mwaka ule yeye alianza kutengeneza mti wa ukoo kwenye tovuti moja ya watu wanaotafuta mababu zao. Mimi niliyebaki Butembo, huku Congo, ndiye niliyetakiwa kumtafutia matawi.

Nilikuwa nafundisha shule ya msingi huko Bulengera, na nyumbani kwangu ni Kimemi. Nilishuka kwenye pikipiki jioni nikiwa na vumbi hadi kwenye kope, na kabla sijavua viatu simu ilikuwa imeshajaa maswali. Baba wa babu alizaliwa wapi? Bibi alibatizwa mwaka gani? Nilimjibu kwamba sijui. Akanijibu kwamba niulize. Ni rahisi kuniambia niulize ukiwa Ubelgiji. Barabara ya kwenda Beni siku hizo ilikuwa ya kuulizia yenyewe kwanza: unamuuliza dereva kama kuna usalama, dereva anamuuliza mwenzake aliyetoka huko asubuhi, na wote wawili wanakudanganya.

Hata hivyo nilikwenda. Nilikaa na baba mdogo huko Beni, nikamwandikia mdogo wangu kila nilichosikia, naye akakiingiza kwenye mti wake. Kazi iliyobaki, alisema, ingefanywa na mashine. Mashine ya tovuti hiyo inalinganisha watu yenyewe, inaunganisha yenyewe, na hata historia ya familia inaandika yenyewe. Nilifurahi kusikia hivyo, kwa sababu nilikuwa nimechoka.

Hapa lazima nieleze jambo moja. Sisi Wanande mtoto hatumtafutii jina, jina linamngoja. Mvulana wa kwanza ana lake, wa pili ana lake, wa tatu vivyo hivyo, na wasichana nao wana mstari wao. Hata mtoto akifa siku aliyozaliwa, nafasi yake haichukuliwi, na anayemfuata anaitwa kwa nafasi yake mwenyewe. Ukisikia jina la mtu unajua wamemtangulia wangapi. Majina hayo siyataji, maana ukitaja moja umeita nusu ya mji. Simama sokoni uite jina la mvulana wa kwanza: muuza viazi atageuka, msukuma mkokoteni atageuka, na padre akiwa anapita atageuka pia. Sisi wenyewe hatupotei humo. Tunaongeza kilima alikotoka mtu, au tunasema yule mwenye makengeza, yule aliyeoa kwa akina fulani. Mashine haijui kilima wala makengeza.

Babu yangu alikuwa mvulana wa pili kwao, na baba yangu pia alikuwa wa pili kwao. Mashine ikaona majina yanafanana, ikawafanya mtu mmoja bila kumuuliza mtu. Mtu huyo aliishi zaidi ya miaka mia, akamwoa bibi, na uzeeni akamwoa mama yangu, ambaye kwa hesabu hiyo akawa mkwe wa nafsi yake. Mimi nami niligundulika kuwa nimemzaa shangazi wa baba. Nilimwandikia mdogo wangu kwamba uzazi huo sikuusikia hata kidogo, na kama kuna zawadi ya kujifungua salama bado naisubiri.

Kisha ikatupeleka Bolivia. Huko Amerika ya Kusini kuna Beni nyingine, na mashine ilipoona kwamba babu alizaliwa Beni ikachagua ile ya kwao. Tukawekewa ramani na picha ya mto mpana wenye mitumbwi. Nilimsomea baba mdogo kwenye simu kwamba sasa sisi ni watu wa Bolivia. Akauliza kama huko kuna vita. Nikamwambia nadhani hakuna. Akasema basi afadhali mashine ingetuhamisha kweli.

Picha ya babu nayo iliingizwa, ile ya kitambulisho cha zamani, na mashine ikaifanya ipepese macho, igeuze shingo na kutabasamu. Nilimwonyesha mama, aliyekuwa akiishi nami tangu baba afariki. Aliitazama kwa muda, akanirudishia simu. Akasema, "Ule muzee hakunichekeaka hata siku ya ndoa." Akaendelea kuchambua maharage.

Hayo yote niliyacheka. Lakini siku moja mdogo wangu alinitumia historia ya familia ambayo mashine ilikuwa imeiandika kwa Kifaransa kizuri. Ilikuwa imesoma mahali tulipoishi mwaka hadi mwaka, Mangina, Beni, tena Mangina, Butembo, tena Beni, tena Butembo, ikahitimisha kwamba hii ilikuwa familia iliyopenda kusafiri na kuonja maisha ya sehemu mbalimbali. Nilicheka, kisha nikakasirika, kisha nikachoka. Ni kweli tulisafiri. Tulisafiri na godoro kichwani, kuku kikapuni, bibi mgongoni mwa kaka yangu, na risasi zikitusindikiza. Maisha tuliyoonja njiani yalikuwa mihogo mibichi ya mashamba ya watu. Mdogo wangu alikuwa bado anabebwa wakati ule, kwa hiyo hakuona kilichoniudhi. Aliona sentensi imepangika vizuri.

Kaka yangu aliyembeba bibi ndiye mvulana wa kwanza kwetu. Tulikuwa na shamba la kahawa karibu na Mangina, na vita ilipotulia kidogo yeye alirudi huko kuvuna, kwa sababu kahawa haijui vita, ikiiva imeiva. Askari waliopita walichukua vijana wa kuwabebea mizigo, naye akiwemo. Watu walimwona akiwa na gunia kichwani akielekea upande wa msitu. Waliochukuliwa naye, baadhi walirudi, na hakuna aliyejua kutuambia aliachana naye wapi. Askari wale walikuwa wa nani, kila aliyesimulia alisema lake, na baada ya muda tuliacha kuuliza, maana waliokuja baada yao walifanya yale yale.

Mwaka ulipopita wazee wa ukoo walikuja kwetu kuketi kilio. Hata bila mwili watu hulia mtu wao: moto unawashwa uani, wanaume wanauzunguka, wanawake wanakaa ndani chini, majirani wanaleta kuni na chakula, na siku zikiisha mnajua kwamba mmemaliza. Kilio hicho hakikuketiwa. Mama alikataa. Ndivyo nilivyomweleza mume wangu tulipooana, na ndivyo nilivyomweleza mdogo wangu alipokua na kuuliza. Mama alikataa, wazee wakarudi makwao, na tangu hapo kaka hakuwa marehemu wala hakuwa mzima. Kwenye misa za kuwaombea wafu jina lake halikusomwa. Kwenye harusi zetu hakuna aliyekaa mahali pake.

Mimi kwa upande wangu nilikuwa nimemaliza. Nilikuwa msichana alipochukuliwa, nikawa mwanamke, nikazaa, nikakimbia tena na watoto wangu mwenyewe mgongoni. Nani ana nguvu ya kungoja na huku anakimbia? Nilimhurumia mama kwa tumaini lake, na siku nyingine, niseme ukweli, tumaini hilo lilinichosha kuliko vita. Nilikuwa na hamu ya kulia na kumaliza kama watu wengine.

Kwenye mti wa mdogo wangu kaka alikuwa na kisanduku chake kama sisi sote. Mahali pa tarehe ya kufa paliachwa wazi, na mashine ikaandika kwamba huenda bado yu hai. Nilipoliona neno hilo nilifunga simu.

Ndipo, Jumamosi moja, mashine ikampata.

Mdogo wangu alipokea ujumbe kwamba mtu anayeelekea kuwa kaka yake yupo kwenye mti wa familia nyingine, anaishi upande wa Kasese, Uganda, ana mke na watoto. Jina lilikuwa la kaka, jina la baba yake lilikuwa la baba yetu, jina la ubatizo la mama yake lilikuwa la mama yetu, na miaka ilikaribiana. Mdogo wangu hakuniandikia mimi kwanza. Alimpigia mama kwenye kile kisimu chake, akilia. Nilirudi kutoka sokoni nikamkuta mama amesimama katikati ya nyumba, simu mkononi, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba mashine imempata kaka yangu.

Nilikasirika sana. Nilimpigia mdogo wangu nikamwambia maneno ambayo siyarudii hapa. Wakonzo wa Kasese na sisi ni watu wamoja, mlima tu ndio umetugawa, na wao huwapa watoto majina kwa mstari ule ule. Mvulana wa kwanza ambaye baba yake ni wa pili, ambaye mama yake alibatizwa jina wanalobatizwa wasichana wa kila parokia: huyo yuko katika kila kijiji toka Lubero hadi ng'ambo ya mpaka. Kwa mashine huo ulikuwa ushahidi. Kwetu ni uzazi wa kawaida. Mdogo wangu alisema anajua. Alisema anajua yote hayo, lakini aliposoma jina alijikuta anampigia mama.

Nikamweleza mama hayo hayo, taratibu, kama ninavyowaeleza watoto darasani. Mwanamke aliyezaa kwa mstari huo, aliyewapa watoto wake majina kabla baba yao hajafika nyumbani, alinisikiliza kama mtu anavyosikiliza redio ya jirani. Nilipomaliza alisema, "Mumupigie. Mi nataka kusikia sauti yake."

Mdogo wangu akaandikiana na binti wa yule bwana wa Kasese, kwa sababu ndiye aliyekuwa ametengeneza mti wao, na namba ikapatikana. Tukapanga Jumapili baada ya misa. Mama hakubadili kitenge chake cha misa. Alikaa kwenye kiti karibu na dirisha, ambako simu yangu hushika vizuri, akaweka mikono mapajani. Mimi moyo ulikuwa unanienda mbio, nikawa naukasirikia, maana nilijua mwisho wa jambo hilo.

Yule bwana alikuwa mtu mpole. Alimwamkia mama kwa heshima zote, kwa lugha yetu yenye sauti kidogo ya kwao. Akasema amesikia habari, na anasikitika, lakini yeye amezaliwa pale pale anapokaa, analima kahawa ya baba yake, na mpaka hajawahi kuuvuka. Binti yake alikuwa ameona ujumbe wa mashine akadhani ni ndugu wa ukoo kutoka upande wa Congo. Sauti haikuwa ya kaka. Ilikuwa nyembamba, na ilikohoa kabla ya kila neno. Nilinyoosha mkono niichukue simu, niage, tumalize. Mama akaikinga kwa bega lake.

Alimuuliza kama mama yake yu hai. Akasema yu hai, yuko hapa, na akampa simu.

Wanawake wawili wakaanza kuzungumza kwa Kinande, wakawa wananipita mimi kama siko pale. Wakaulizana parokia, wakaulizana mvua. Kisha wakaanza kutajiana watoto, wa kwanza, wa pili, wa tatu, wasichana na wavulana, na kila jina alilotaja mmoja mwenzake alikuwa nalo. Kufikia wa nne walikuwa wanacheka. Mama yangu alikuwa anacheka hadi anafuta macho kwa ncha ya kitenge, na mimi nilikuwa nimesahau kwamba anacheka hivyo. Kule ng'ambo yule mama alisema mashine imewafanya wake wenza wa mwanamume mmoja, na kwa umri wao hawana nguvu za kupigana.

Kicheko kikaisha chenyewe. Yule mama akauliza kwa sauti ya chini kama ni kweli wa kwanza wetu alipotea. Mama akasema ni kweli.

"Wangu yuko hapa," alisema yule mama. "Anakula."

Nadhani neno lilimtoka kabla hajalipima, kwa sababu baada yake alinyamaza kabisa, na sisi tukasikia sahani na watoto wa nyumba ile. Mama aliitazama simu.

"Basi mlishe vizuri," akamjibu.

Wakaagana kwa baraka ndefu. Mama akanipa simu, akakunja mikono, akasema yule mama ana sauti nzuri. Nikamwambia pole. Akaitikia kama mtu anavyoitikia salamu. Nikaenda kuwasha jiko la makaa, maana sikujua nifanye nini na mikono yangu, naye akanifuata mpaka mlangoni. Akaniambia niwaite wazee waliobaki, na baba mdogo aje kutoka Beni kama njia inapitika. Alitaka tuketi kilio.

Ningetakiwa kushukuru. Ni jambo nililolitamani miaka yote. Badala yake nilisikia mdomo wangu ukisema kwamba hakuna haraka, kwamba mashine ile bado inatafuta, kwamba mdogo wangu ameniambia kuna mwingine upande wa Bunia mwenye jina hilo na huyo hatujampigia. Nilisema labda aliumia kichwa akasahau kwao, watu kama hao wapo. Nilisema mengi. Maneno ambayo ningemcheka mtu mwingine kwa kuyasema, niliyasema mimi, mwalimu, nikiwa nimeshika kipepeo cha kupepea makaa.

Mama aliningoja nimalize.

"Mwanangu, acha," alisema. "Alisha kufa."

Nikamwambia kwa ukali kwamba kama alijua, kwa nini basi alikatalia wazee? Kwa nini ametuweka hivi miaka yote, bila kulia, bila kumaliza?

"Si mimi nilikatala," alisema. "Ni weye. Bazee balikuwa balisha washa moto. Ulitoka na ndoo ya maji, ukaimwanga yote pale mu moto. Ukasema mutu atakayelia, ni yeye alimuua. Bazee bakaniangalia mimi. Basi nikabaambia, muende. Nilikuwa nimepoteza mutoto mumoja. Sikutaka kupoteza babili."

Nilitaka kubisha. Lakini siku ile ya wazee nilikuwa nimeikumbuka sikuzote kwa kitu kimoja, majivu yaliyolowa na matope meusi kati ya vidole vya miguu yangu, na sikuwahi kujiuliza matope hayo yalifikaje kwenye miguu yangu ikiwa aliyekataa ni mama. Nilikuwa nimelichukua neno langu la kukataa nikaliandika chini ya jina lake, na kulisimulia hivyo kwa kila mtu, na yeye alinisikia nikilisimulia akaniacha.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Alisema alikuwa anangoja nichoke.

Kilio kiliketiwa wiki hiyo hiyo. Baba mdogo alifika kutoka Beni kwa lori la ndizi, na wazee wawili wa ukoo, na majirani wakaleta kuni bila kuitwa. Wapita njia waliuliza nani amefariki, wakaambiwa ni kijana aliyechukuliwa katika vita ile ya zamani. Hakuna aliyeshangaa. Walivua kofia, wakaingia, wakakaa. Mdogo wangu alikuwa kwenye simu, ameegemezwa kwenye sufuria ili aone, na alilia huko Ubelgiji mpaka mtandao ukamkata.

Moto ulipowashwa nilikuwa nimekaa chini pamoja na wanawake. Nilidhani nitalia kidogo, kilio cha mtu mzima, kisha niamke nigawe chai. Nililia mpaka sauti ikaniisha. Nililia kama yule msichana wa ndoo, na sikuona haya. Mama alijikokota kwenye mkeka mpaka nilipokuwa, akaweka mkono wake mgongoni kwangu.

"Pole," aliniambia. "Pole, mwanangu."

Miaka yote hiyo watu walipotupa pole walimpa yeye. Mimi hii ilikuwa ya kwanza.